Usiniandike Nikilia

Kicheko kile bado kipo masikioni mwangu. Kilitanguliwa na mfuniko wa mtungi ulioanguka kwenye saruji ukazunguka, ukazunguka, mpaka ukalala. Kikafuata kimya. Halafu wanawake wote wa soko la maziwa wakapasuka kwa pamoja. Mmoja alijipiga mapaja. Mwingine aliinama hadi mtandio wake ukaingia kwenye beseni la kuoshea mitungi, na hakujali. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na karatasi mkononi, nikitabasamu kama mgeni aliyekuta utani umeshaanza.

Nilikuwa nimetoka kuwasomea onyesho la kwanza la mchezo wangu wa kuigiza. Ndani yake, mwanamke muuza maziwa anaamka alfajiri, anachukua kigoda chake, anakaa kando ya ngamia na kumkamua huku akiimba kwa sauti ya chini. Nilikipenda sana kile kigoda. Nilikiandikia hata rangi.

"Abaayo," akasema mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, akiniita dada kama tunavyoita msichana yeyote huku kwetu. "Hebu rudia hapo. Hapo pa kigoda."

Nikarudia. Wakacheka upya.

"Na ngamia mwenyewe akiona kigoda anasema nini?" mwingine akauliza.

"Anasema karibu chai!"

Yule mama mwenye miwani alifuta machozi ya kicheko, akanivuta kwa mkono nikae. Tulizungumza Kisomali chetu cha mjini, kile kilichojaa Kiswahili, nami hapa nakiandika Kiswahili kitupu. "Sikiliza vizuri," akaniambia. "Ngamia anakamuliwa na mtu aliyesimama. Mguu mmoja chini, wa pili umekunjwa juu ya goti, chombo kimekaa pajani. Halafu mtu huyo ni mwanamume. Mbuzi tunakamua sisi, ng'ombe sisi. Ngamia ni wa wanaume. Sisi kazi yetu inaanzia hapa," akaugonga mtungi wa manjano uliokuwa mbele yake, "maziwa yakishafika barabarani. Wewe ni binti wa nani?"

Nikamtajia jina la baba, la babu, la baba yake babu, mpaka yakaniishia. Nikiwa bado natafuta la nne, wakaanza kupiga makofi.

"Subhanallah! Hao ni watu wa ngamia kabisa!"

"Damu imekatikia njiani!"

Walikuwa na haki. Mimi nimezaliwa hapa hapa Garissa, baba alikuwa karani wa ofisi, na ngamia niliowajua ni wale wanaovuka lami bila haraka huku madereva wakipiga honi. Maziwa yao nimeyanywa kwenye chai tangu sina meno. Sikuwahi kuuliza yanatokaje.

Kazi yangu ni kuandika michezo ya kuigiza, lakini kwa vipande. Huitwa wiki mbili, huitwa wiki tatu. Kikundi kikipata kazi ya kuigiza sokoni au shuleni kinatafuta mtu wa kuandika, nikishakabidhi karatasi nimemaliza, narudi nyumbani kungoja simu ilie. Nimeandika juu ya chanjo ya mbuzi. Nimeandika juu ya vyandarua, juu ya mto kujaa, juu ya wasichana kurudi shule, huo wa mwisho niliuandika vizuri maana mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne na matokeo ambayo huwa naulizwa mara moja tu. Kila barua ya kazi ina maneno yale yale: mwandishi wa muda. Mama anayapenda maneno hayo. Anaona muda utaisha.

"Andika," huwa ananiambia, "lakini usiende kusimama pale mbele ya watu ukarusha mikono." Kwa mama, mwandishi haonekani, kwa hiyo si aibu.

Mchezo huu wa wauza maziwa nilipewa na mwelekezi mmoja aliyetoka Nairobi kuja kuishi kwetu msimu mzima. Mtu mchangamfu, anavaa kizibao hata jua likiwa linachoma mawe. Nilimwita mwalimu, naye aliniita mwandishi, kama vile ni jina langu. Aliniambia mchezo utaanza hapa Garissa ukumbini, kisha kikundi kitasafiri hadi Tarbaj, kule Wajir, kuwaigizia wafugaji. Nikawaza wafugaji wa Tarbaj wakitazama kigoda changu. Mwalimu alikuwa amekisoma na kukisifu.

Basi asubuhi iliyofuata kile kicheko nikarudi sokoni. Yule mama mwenye miwani nilianza kumwita Eddo, yaani shangazi, naye hakukataa.

Eddo alinifundisha kazi kwa kunipa kazi. Magari yakifika kutoka maporini, mitungi inashushwa, na kila mmoja umefungwa kitambaa shingoni: chekundu, cha maua, kipande cha shuka la kijani. Hakuna jina lililoandikwa popote. Kwa kitambaa Eddo anajua mtungi umetoka boma gani, na mwenye boma anajua kwa kitambaa hicho hicho kwamba utarudi kwake. Anafungua, anamimina tone kiganjani, analamba.

"Huyu mzee ngamia wake wamekula majani ya chumvi."

Anafungua wa pili.

"Na huyu ngamia wake wamekula bomba la maji." Anaufunga na kuuweka kando. "Atanisikia kwa simu."

Alinifundisha pia kufukiza mitungi kwa moshi wa vijiti ili maziwa yakae. Nilikohoa mpaka wanawake wakaniletea maji. "Maziwa yasiyo na moshi," Eddo alisema, "ni maziwa ya hospitali."

Siku ya nne aliniuliza mchezo utaishaje. Nikamwambia bado sijui.

"Mimi nitakwambia kitu kimoja tu," akasema, akiwa ameukumbatia mtungi mtupu kama mtoto. "Wale wa kupiga picha wamekuja hapa mara nyingi. Wananiambia, mama, usicheke. Basi nafanya uso wa msiba. Binti yangu akaenda ofisi fulani akaniona ukutani kwenye kalenda. Akarudi akaniuliza, hooyo, mama yangu, nani alikufa siku ile? Hakuna aliyekufa! Ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nimeuza maziwa yote."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

"Mengine yote andika. Kwamba mimi ni mkali, andika. Kwamba natoza bei, andika. Lakini usiniandike nikilia."

"Wallahi, Eddo, sitakuandika."

"Usiape. Usiandike tu."

Kisha akanipa kisa chenyewe. Mvua kubwa ilikata barabara, gari la maziwa likakwama kwenye matope siku mbili. Mitungi ilipofika ilikuwa imevimba kama watu walioshiba harusini, na mifuniko ilikuwa ikiruka yenyewe. Mengine yalikuwa yamegeuka susa, maziwa ya mgando, hayo akauzia wenye kuyapenda. Mengine hayakufaa hata kwa paka. Akayamwaga mtaroni, mtungi baada ya mtungi.

"Ulifanya nini baada ya hapo?"

"Nilifanya nini? Nina mikono miwili, yote ilikuwa na sabuni."

Nilikimbia nyumbani na hilo. Niliandika siku mbili bila kuinua kichwa, mama akinisogezea sahani na kuondoa sahani. Kigoda kikafa. Wakaingia wanaume wawili wanaokamua wakiwa wamesimama, mmoja kila upande wa ngamia. Akaingia mwanamke anayelamba kiganja. Mwishoni maziwa yanaharibika, anayamwaga, anaiosha mitungi na kuipanga kwa ajili ya gari la kesho. Mchezo umekwisha. Nilipousoma peke yangu nilihisi kitu kimekaa mahali pake, kama unapovaa kiatu na mguu unaingia wenyewe.

Mwalimu aliusoma akiwa amesimama, akicheka peke yake, akisema "poa, poa sana". Alipofika ukurasa wa mwisho akaugeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Halafu?"

"Halafu basi, mwalimu. Anaosha mitungi."

"Mwandishi, watu wamekaa saa nzima, unawapa mtu anaosha vyombo?" Aliketi. Hakuwa mtu mbaya, alinieleza kwa upole. "Wale wageni wanaogharamia hii kitu watakuwa mstari wa mbele. Wanataka kuguswa. Weka analia. Neno moja. Anamwaga maziwa, analia, taa zinazimwa, fiti."

"Yeye hakulia."

"Nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe hayuko kwenye mchezo." Kisha, akikusanya karatasi zake: "Kuna kazi nyingine ya miezi mitatu inakuja. Miezi mitatu, si wiki. Nitahitaji mwandishi. Wewe ndiye nakufikiria."

Miezi mitatu! Nilikuwa sijawahi kuitwa mwandishi kwa miezi mitatu mfululizo. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia mama, jinsi nitakavyotembea. Nikaomba kalamu. Nikaandika "Analia" kwa herufi ndogo sana, kana kwamba likiwa dogo dhambi yake pia itakuwa ndogo. Ilikuwa Jumanne. Nikakabidhi, tukashikana mikono, kazi yangu ikaisha.

Jumatano nilipita sokoni kusalimia. Eddo aliniona kutoka mbali akaanza kupunga mkono.

"Abaayo! Alhamisi baada ya adhuhuri hatuuzi! Tunakuja wote, na mikeka yetu!"

"Wote?"

"Wote! Binti yangu pia. Nimemwambia safari hii ataniona mimi mwenyewe, si yule wa kalenda."

Nilisema alhamdulillahi, nikanunua kitu ambacho sikuwa nakihitaji, nikaondoka. Nikaenda ukumbini ambako walikuwa wakifanya mazoezi, nikamwomba mwalimu aliondoe lile neno. Alinisikiliza huku akimtazama ngamia wao, vijana wawili chini ya blanketi na shingo ya bomba la plastiki, wakishindwa kukubaliana nani ni mbele.

"Mwandishi, kazi yako iliisha jana na uliifanya vizuri," akasema. "Msichana ameshajifunza kulia. Mwone."

Nikamwona. Alikuwa msichana wa Wajir, mwembamba, na alilia vizuri ajabu. Machozi yalimtoka kama bomba la mtaa siku maji yakiwepo. Hata mimi niliyeliandika neno nililengwalengwa na machozi.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Eddo akiosha mitungi. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani, yenye kuanzia mbali. Yote ikatoroka.

"Eddo, nimekuandika ukilia. Mwishoni. Aliniambia niweke, nikaweka."

Aliendelea kusugua. "Kwa nini?"

"Alisema kuna kazi nyingine. Ya miezi mitatu. Niliogopa ataitwa mtu mwingine."

"Haye," akasema, yaani sawa. Akamwaga povu, akautikisa mtungi, akauchungulia ndani kwa jicho moja. "Kumbe kalenda nyingine."

"Mnaweza kutokuja, Eddo..."

"Nani asije? Nimesema nakuja. Binti yangu ameshapiga pasi nguo."

Nikamsaidia kuubeba mtungi mmoja hadi kwenye mstari, akaniacha niubebe, hakuniambia ahsante wala ondoka.

Alasiri ukumbi ulijaa. Wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, wageni mbele kwenye viti vya plastiki, na mbele kabisa ya wanawake walikaa wauza maziwa kwenye mikeka yao, wamevaa vizuri, wananukia uturi juu ya moshi. Mama yangu alikuwa nyuma karibu na mlango. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amemsindikiza jirani.

Kwetu mtazamaji hakai kimya. Wale wakamuaji wawili walipoanza kumkamua ngamia wa blanketi, mzee mmoja alipaza sauti, "Goti! Inua goti, wewe, unamwaga!" na mwigizaji akainua goti haraka. Ngamia akakohoa. Watu walicheka mpaka ngamia naye akatikisika. Yule mwanamke wa mchezo alipolamba kiganja na kusema mzee amenywesha ngamia wake bomba la maji, wauza maziwa waligeuka wote kumtazama Eddo, wakimsukuma mabegani. Eddo alirekebisha miwani. Binti yake alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio. Nilitamani mchezo uishie pale pale.

Haukuishia. Mvua ikanyesha, yaani mabati mawili yalipigwa nyuma ya pazia. Gari likakwama. Maziwa yakaharibika. Msichana wa Wajir akayamwaga, akapiga magoti katikati ya mitungi, mabega yakaanza kutetemeka. Ukumbi ukatulia. Mgeni mmoja mstari wa mbele akavua miwani. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni karibu na pazia, na sikuwa natazama jukwaa.

Eddo akasimama.

"Abaayo!" Sauti ile imezoea kuita magari. "Abaayo, wewe! Gari la kesho linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mitungi hiyo utaipeleka michafu?"

Sasa, msichana yeyote aliyelelewa huku kwetu, mama wa rika lile akikuita mbele ya watu, unaitika. Huna njia nyingine. Unaweza kuwa usingizini ukaitika. Msichana wa Wajir aliinua uso uliolowa machozi, akasahau kabisa kwamba anaigiza.

"Haye, Eddo," akasema. Akajifuta kwa mkono wa baibui, akainuka, akaushika mtungi.

"Na sabuni!"

"Hakuna sabuni, Eddo. Hata maji hakuna."

Mtu wa mikekani akampitishia chupa yake ya maji ya kunywa. Mwingine akaanza kupiga makofi taratibu, na mama mmoja aliyekuwa ameketi kando ya Eddo akaanza buraanbur, yale mashairi wanawake wetu wanayoyaimba harusini, akausifu mtungi na moshi wake na mkono unaouosha, akitunga pale pale. Wanawake wote wakaitikia. Msichana akaosha mtungi wa kwanza kwa kufuata makofi, wa pili, wa tatu, akaipanga. Wageni walikuwa wamesimama na simu zao juu. Taa hazikuzimwa kwa sababu aliyetakiwa kuzizima alikuwa anacheza.

Watu walipoanza kutoka, mwalimu alinijia kizibao kikiwa kimefunguka vifungo.

"Ulimpanga yule mama?"

"Hapana. Nilimwambia tu ukweli asubuhi."

"Ile kitu ilikuwa moto. Tarbaj lazima iwe hivyo hivyo."

"Tarbaj hatakuwepo, mwalimu. Anauza maziwa."

Akajikuna kidevu. "Basi iandike. Tutamweka mwigizaji katikati ya watu, asimame aseme. Lakini sina barua nyingine ya kukupa, unajua. Na ile ya miezi mitatu, sijui, wacha tuone, wanaweza kumleta mtu wao."

"Sawa," nikasema, na kwa mshangao wangu ilikuwa sawa kweli, au karibu na sawa.

Eddo alipita na mkeka wake begani, binti yake nyuma yake bado akicheka. Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Alisimama yeye.

"Yule msichana analia vizuri, mashallah," akasema. "Mwandikieni mchezo wa msiba, msimpoteze." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Kesho uje. Kuna mzee wa bomba la maji, nataka umsikie akijitetea."

Mama alikuwa mlangoni na jirani yake. Nikawaambia watangulie, nitafuata.

Ukumbi ulipobaki mtupu nilikaa ukingoni mwa jukwaa na nakala zote saba za kwenda Tarbaj mapajani. Jua la alasiri lilikuwa limeingia kwa mlango hadi kwenye mabati ya mvua. Nilifungua ukurasa wa mwisho wa nakala ya kwanza, nikalikata lile neno dogo kwa mistari miwili, na kando yake nikaandika: Mwanamke katika watazamaji anasimama. Chini yake nikayaweka maneno ya Eddo jinsi alivyoyasema, pamoja na sabuni. Nakala ya pili, ya tatu, ya nne. Katika ya tano kalamu ikakauka. Niliipulizia, nikaisugua kwenye kiganja, haikukubali. Nikatafuta mkobani, nikapata wanja. Nakala tatu za mwisho nikaziandika kwa wanja, herufi kubwa nyeusi zinazong'aa, nikakaa nikizipuliza moja moja ili zisichafue ukurasa wa jirani.